Hesabu Kilimia, Pima Macho Yako

Leo wekeni kalamu chini, kwa kuwa ubao wetu uko mbinguni. Tutajifunza kupima macho kwa nyota.

Wengi wenu mnakijua Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizokaa karibu karibu. Jina lake latokana na kulima, maana wakulima walikitazama wapate kujua majira. Katikati ya mwezi wa Januari, saa mbili usiku, kitafuteni juu, upande wa kaskazini.

Watu wengi huhesabu nyota sita. Mwenye macho makali, penye giza kamili, huona saba, hata tisa au zaidi. Zilizosalia ni hafifu mno. Mwaka 1610 Galileo Galilei wa Italia alikitazama Kilimia kwa darubini, akachora nyota 36. Leo tunajua kwamba zinapita elfu moja.

Basi, fanyeni hivi. Kwanza, chagueni usiku usio na mwezi wala mawingu. Pili, zimeni taa, mkae gizani nusu saa. Mboni ya jicho hupanuka upesi, lakini sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea nuru huzoea giza polepole. Ukiwasha kurunzi mara moja tu, itakubidi kuanza tena. Tatu, usiikazie macho nyota hafifu. Tazama kando yake kidogo, nayo itatokea. Katikati ya jicho huona vizuri penye mwanga mwingi; pembeni huona vizuri zaidi gizani.

Sasa, hesabu yako ina maana gani? Ukiona nne tu na jirani yako aone saba mahali pale pale, au Kilimia kikionekana kwako kama moshi, huenda macho yako hayaoni mbali sawasawa. Na ukijikwaa kila jioni huku wenzako wanaiona njia, usikawie kwenda hospitali.

Lakini sikilizeni sana neno hili. Yuko mzee anayehesabu nyota saba bila taabu, naye asubuhi akifungua kitabu haoni herufi. Husema, “Mimi ni mzee, kichwa changu kimekuwa kigumu.” Sivyo, ndugu yangu. Nyota ziko mbali, kitabu kiko karibu, na kuona mbali si sawa na kuona karibu. Mtu akipita miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, isiweze tena kujikunja kwa vitu vya karibu. Jambo hili huwapata karibu watu wote, wasomi na wasiosoma.

Jipime hivi: shika kitabu karibu, kisha kisogeze mbali mpaka mkono unyooke. Herufi zikianza kuonekana vizuri, kichwa chako ni kizima. Unahitaji miwani ya kusomea tu. Usiliache darasa kwa aibu. Mwambie mwalimu, kisha nenda ukapimwe macho.

Zoezi la juma hili: hesabu Kilimia pamoja na watu wawili wa nyumbani, uandike majina yao na hesabu ya kila mmoja.

Maneno ya kuandika: nyota, giza, jicho, miwani.

Kwaherini, tuonane juma lijalo.