Wenye gesti Kibondo na Kasulu: Daftari la wageni ni kinga ya mtaji

BIASHARA ya nyumba za kulala wageni katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, kwa miaka mingi imepanda na kushuka pamoja na kambi za wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Mtabila, iliyokuwa ya Warundi, ilifungwa mwaka 2012. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Watumishi wa mashirika na madereva wakija, vyumba hujaa. Wakiondoka, hubaki vitupu.

Kwa mwenye gesti, ada ya leseni ya biashara na mshahara wa mlinzi haviangalii kama wageni wapo. Ushuru wa kulala wageni, unaokwenda halmashauri, ni tofauti. Huu hutozwa kwa asilimia ya malipo ya chumba. Anayeubeba ni mgeni. Mwenye gesti huukusanya na kuuwasilisha.

Tuchukue mfano wa gesti yenye vyumba 10, kila kimoja sh 15,000 kwa usiku, na tukadirie ushuru wa asilimia 10. Vyumba vyote vikijaa kwa siku 30, ushuru ni sh 450,000. Vikilaliwa vinne tu kila siku, ni sh 180,000. Tofauti ni sh 270,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo umuhimu wa daftari la wageni unapoonekana. Ofisa mapato asipokuta daftari lililojazwa, atakuwa na sababu ya kukadiria kwa idadi ya vyumba, na mwenye gesti hatakuwa na ushahidi wa kumpinga. Wengi hulichukulia kuwa ni la polisi tu, kumbe linalinda mtaji.

Wapo wanaoona heri kulikodisha shirika nyumba nzima. Hiyo ni kodi ya pango: shirika hukata asilimia 10 kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Dai cheti cha makato hayo, kwani utakihitaji wakati wa kukokotoa kodi ya mwaka.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, uliza halmashauri yako kiwango cha sasa, jaza daftari kila usiku, tenga fedha za ushuru siku hiyohiyo na tunza stakabadhi. Fedha ya ushuru si faida, hata kama imelala kwenye droo yako.