Likizo Bila Gari: Masaka, Mbarara na Nakivale

Askari wetu wengi, wa jeshi na wa polisi, wapatapo pasi ya likizo huijua njia moja tu: kutoka kambini hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi kambini. Kwenda kuitazama nchi huhesabiwa kuwa ni mambo ya wenye magari. Sisi twaona kuwa fikira hiyo yafaa kuchunguzwa upya. Tulipopewa siku saba za mapumziko, sisi watatu wa ofisi moja hatukuwa na gari wala hatukuliazima. Tulitoka Kampala kwa basi, tukashukia katika miji miwili ya kusini-magharibi ambayo kila mwanajeshi wa nchi hii ameisikia darasani, yaani Masaka na Mbarara, kisha tukaendelea hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tulisafiri kwa basi, kwa taksi za abiria, kwa bodaboda na kwa miguu, bila sare na bila silaha.

Anayepita barabara ya Masaka juu ya lori la jeshi huona migongo ya wenzake na vumbi. Abiria wa basi, aliyeketi karibu na dirisha, huiona vita nzima ya mwaka 1979 ikimjia kinyumenyume. Baada ya kuuvuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, anafika Lukaya, ambako leo vijana hukimbilia madirishani wakiwa na mishikaki, kuku wa kuchoma na gonja. Hapo ndipo usiku wa tarehe 10 Machi 1979 na siku iliyofuata palipopiganwa vita vikali kati ya jeshi la Idi Amin, likisaidiwa na Walibya, na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Ukinunua mshikaki hapo, tazama pande zote mbili za barabara, uone mabwawa yalivyoibana njia. Ndipo utakapofahamu upesi kwa nini kamanda yeyote angeugombania ukanda ule mwembamba wa lami. Hata maji yenyewe yana nguvu zake: mwezi wa Mei 2023 mafuriko yaliliharibu daraja la mto Katonga, na njia kuu ya kwenda magharibi ikakatika kwa magari yote, ya raia na ya serikali.

Masaka tulilala usiku mmoja tu, nasi hatutausifu mji kuliko tulivyouona. Ni mji wa biashara, wenye vilima na kelele, na tangu Julai 2020 una hadhi ya jiji, kama Mbarara. Mwenye kupenda historia ya dini atakumbuka kuwa Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa askofu Mkatoliki, na Masaka ndiko alikokabidhiwa kundi lake. Lakini atafutaye majengo makuukuu ya katikati ya mji atayatafuta sana. Masaka na Mbarara zilitekwa katika siku za mwisho za Februari 1979, na majengo mengi ya miji hiyo miwili yakabomolewa kwa mizinga na baruti. Ilisemwa kuwa hicho kilikuwa kisasi cha yale yaliyotendwa na askari wa Amin huko Kagera mwaka uliotangulia. Aliyelipiza ana maelezo yake. Nyumba iliyoanguka, hata hivyo, ilikuwa ya muuza duka wa Masaka, ambaye hakuvuka mpaka wala hakumtuma mtu kuuvuka.

Kutoka Masaka basi hupita Lyantonde, mji ambamo madereva wa malori hupumzika, na polepole migomba hupungua na nyasi huongezeka, hata ukawaona ng'ombe wa Ankole wenye pembe zilizo kama matawi ya mti. Tulimwomba konda atushushe Biharwe, kilomita kumi na kitu kabla ya Mbarara. Hapo kuna jumba la makumbusho la Eriijukiro katika kituo cha utamaduni cha Igongo, na karibu yake upo mnara ambao twaona kila askari angefaa kuutazama. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliivamia Nkore wakati wa utawala wa Ntare wa Kwanza, akashinda, akaswaga ng'ombe wengi. Alipofika Biharwe akiwa na mateka yake, jua lilipatwa mchana, giza likatanda. Mshindi akashikwa na hofu, akawaacha ng'ombe na kwenda zake. Wataalamu wanakuoanisha kupatwa huko kwa jua na tarehe 17 Aprili 1520. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mtu wa mizinga, alisema hajapata kusikia silaha iliyolirudisha jeshi zima nyuma kwa gharama ndogo kama ile.

Mbarara yenyewe ni mji wa kutembea kwa miguu. Ukianza asubuhi kwenye barabara kuu, utafika mto Rwizi kabla jua halijakuchoma. Utaona jinsi maji yake yalivyo na rangi ya udongo, kwa kuwa kingo zake zimelimwa na kujengwa kupita kiasi. Upande mwingine kuna kilima cha Kamukuzi, yalikokuwa makao ya Omugabe wa Ankole. Falme zilifutwa mwaka 1967. Nyingine zikarudishwa mwaka 1993, ya Ankole haikurudishwa, na wenyeji wenyewe hawana kauli moja juu ya jambo hilo. Wasomi wanayo shule ya Ntare, iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo imewasomesha marais wawili, Yoweri Museveni wa Uganda na Paul Kagame wa Rwanda. Mwenye njaa anayo eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli unaoliwa kwa karo, yaani ugali wa ulezi. Tuliula mara mbili kwa siku moja, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Kwa watu wa kazi yetu, hata hivyo, Mbarara ni kambi ya Simba kwanza. Tarehe 17 Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliishambulia, wakashindwa, na wengi wao wakapoteza maisha. Mwaka 1979 mji ulitekwa, kama tulivyokwisha kusema. Mwishoni mwa 1985 kambi ilizingirwa tena, safari hii na jeshi la National Resistance Army, wakati uleule kambi ya Masaka nayo ilipozingirwa. Mji mmoja umepigwa mara tatu katika muda usiotimia miaka kumi na mitano. Mzee aliyezaliwa huko mwaka 1960 ameyaona yote hayo kabla hajafikisha umri wa miaka thelathini, na kila mara waliokuja walikuwa na bunduki mkononi na Kiswahili kinywani.

Jambo hili la Kiswahili lilitushika hasa sokoni. Tulimwuliza mama mmoja bei ya ndizi kwa Kiswahili, lugha tuliyoizoea kambini. Alikuwa akicheka na jirani yake, kicheko kikakoma. Akatutajia bei ya chini, macho yake yakiwa kwenye ndizi, akamalizia kwa neno moja: "Afande." Hatukuwa na sare, hatukuwa na kofia, wala hatukutaja kazi yetu. Lugha peke yake ilitutambulisha, na ilitushusha bei ambayo hatukuiomba. Tulilipa bei aliyowatajia wengine, tukaondoka.

Sababu si ngumu kuzitafuta. Kiswahili kiliingia katika maisha ya Waganda wengi kikiwa lugha ya amri, tangu siku za Keya, lile jeshi la mkoloni. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini waliokitumia kwa sauti kubwa walikuwa askari wake kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 1979 wakaja Watanzania, na wananchi wakawaita bakombozi. Kwa muda Kiswahili kikawa lugha ya furaha. Furaha hiyo haikudumu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 misako ya vyombo vya usalama ilipata jina la Kiswahili linalotamkwa hadi leo kwa kunong'ona: panda gari. Watu walikusanywa mitaani, wakapakiwa katika malori, na wako ambao hawakurudi. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mema. Lakini mama yule wa ndizi hakujifunza Kiswahili chake katika katiba.

Siku ya pili tulichukua taksi iendayo Isingiro, kusini mwa Mbarara. Njia hupita katikati ya migomba isiyo na mwisho, kwani wilaya hiyo hulisha matoke sehemu kubwa ya nchi, kisha unaiacha lami na vilima hufunguka. Nakivale iko hapo, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo, si mbali na mpaka wa Tanzania. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, hivyo ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi katika Afrika, na umri wake umeupita uhuru wa Uganda. Waliotangulia walitoka Rwanda. Baada yao wakaja watu wa Kongo, ambao leo ndio wengi, na Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Eneo lake ni kilomita za mraba 185 hivi, na wakazi wake walikwisha kupita 150,000. Anayetazamia kuona mahema na seng'enge atashangaa. Kuna vijiji, mashamba, makanisa, misikiti, maduka ya simu, na mitaa ambayo watu wameipa majina ya walikotoka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, na wengi hupewa kipande cha ardhi cha kulima, ingawa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka. Mwaka 2023 mgawo wa chakula ulipunguzwa kwa uhaba wa fedha, na kila tuliyezungumza naye alilitaja jambo hilo kabla hatujauliza.

Tulifika siku ya soko. Jambo la kwanza lililotushangaza halikuwa la kuonekana, lilikuwa la kusikika. Msomali alikuwa akiuza nguo kwa Mrundi, Mrundi akipunguziwa bei na Mkongo aliyesimama kando kama mwamuzi, na wote watatu walizozana kwa Kiswahili. Mtoto alimwita mama yake kwa Kiswahili. Mlevi alitukana kwa Kiswahili. Nasi tulipouliza bei ya samaki hakuna aliyegeuka, hakuna aliyenyamaza, na muuzaji alitutajia bei ya juu isiyo na haya hata kidogo, ikatubidi tubishane naye kwa robo saa. Katika miaka yetu ya utumishi hatukumbuki kuwa tumewahi kufurahia kupandishiwa bei kama siku ile.

Mama mmoja wa makamo kutoka Kivu, aliyekuwa akipika sombe na maharagwe chini ya turubai, alituita kwa Kiswahili cha kwao. "Ba papa, kuya mukule." Tukaketi. Akatuuliza motokari yetu tumeiacha wapi. Tukamjibu kuwa hatuna, tumekuja kwa taksi, na kipande cha njia kwa miguu. Akatutazama viatu, akasema, "Ata siye tulikuyaka na miguu." Kisha akaendelea kupakua sombe. Baadaye alitusimulia kidogo: siku ngapi porini, watoto wangapi, na wangapi waliofika. Tarakimu hizo hatutaziandika, kwa kuwa ni zake. Alipotaja waliowafukuza kijijini hakusema ni kundi gani. Alisema "basoda" tu, yaani askari, kama mtu asemavyo mvua.

Hatukumwambia kazi yetu. Tulilijadili jambo hilo njiani, na hatukupatana. Mmoja wetu aliona kuwa tungesema, ili mama yule ajue kwamba wapo askari wanaokula na watu na kulipa. Mwingine aliona kuwa kumwambia kungemwondolea raha ya kutulisha.

Kwa askari atakayependa kuifuata njia hii, haya machache yafaa ayajue. Nakivale ipo chini ya Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ripoti kwanza kwa mkuu wa makazi, useme wewe ni nani na umefuata nini, wala usipige picha za watu bila idhini yao. Nenda kwa nguo za kiraia. Nauli uliza kabla hujapanda, maana hubadilika msimu wa mvua, wakati njia ya udongo huwa utelezi na taksi huhesabika. Chukua maji ya kunywa na sarafu ndogondogo. Samaki wa ziwani ni wazuri, lakini hawasafiri vema hadi Kampala ndani ya basi, na abiria wenzako watakuambia hivyo. Taksi za kurudi Mbarara husubiri zijae. Ukichelewa alasiri, utapata nafasi juu ya gunia la maharagwe, kama sisi, na dereva atakutoza nauli kamili.