Vichakataji vingi, wimbi moja

Wenzangu wa isimu wataniuliza mawimbi ya redio yameingiaje katika jarida la lugha. Yameingia kwa mlango wa Praat. Kila aliyepita darasa la fonetiki amewahi kuifungua programu hiyo ili aone irabu za lugha ya kwao zilivyojipanga. Picha ile ya spektrogramu hutokana na hesabu ya Fourier, yaani kuivunja sauti moja katika masafa yanayoiunda. Simu hufanya hesabu hiyo hiyo kila inapopokea Wi-Fi. Tofauti ni kwamba Praat inaweza kutungojesha, lakini redio haingoji.

Tuchukue Wi-Fi ya aina ya 802.11a, iliyoidhinishwa mwaka 1999. Kipokezi hupima wimbi mara milioni 20 kwa kila sekunde. Ujumbe husafiri juu ya mawimbi madogo 52, yaani 48 ya data na 4 ya kuongoza, na kila baada ya mikrosekunde 4 hufika alama mpya. Ujumbe ukiisha, kipokezi kina mikrosekunde 16 tu kabla ya kuanza kurudisha jibu kwamba umefika salama. Kikichelewa, kifaa kilichotuma huuhesabu ujumbe kuwa umepotea na kuutuma upya. Kwa hiyo jibu sahihi lililochelewa ni sawa na jibu lililokosewa.

Ndiyo maana kwa miaka mingi kazi hii iliachiwa chipu maalumu. Chipu ina mbio, lakini kilichochongwa ndani yake hakibadiliki: kanuni mpya ya mawasiliano, chipu mpya. Mwaka 2009 watafiti wa Microsoft Research Asia, Beijing, waliwasilisha mfumo wao uitwao Sora. Walionyesha kwamba kompyuta ya kawaida (ordinateri, kama tunavyosema kwetu) yenye vichakataji kadhaa ndani inaweza kwenda na Wi-Fi hiyo hata kwa mwendo wake wa juu, megabiti 54 kwa sekunde. Walikuwa na kadi ya redio ya kuingiza sampuli upesi na majedwali ya majibu yaliyokokotolewa mapema. Pia walitumia maagizo yanayofanya hesabu moja juu ya namba nyingi kwa pigo moja. Baadhi ya vichakataji vilitengwa kwa redio peke yake, visisumbuliwe na programu nyingine.

Lakini kazi haikatwi popote tu. Watu kumi wanaweza kufyatua matofali kwa wakati mmoja, ila safu ya tano ya ukuta haiwekwi kabla ya safu ya nne. Hesabu ya Fourier ina ufyatuaji mwingi. Kwa njia waliyoichapisha Cooley na Tukey mwaka 1965, sampuli 64 hupita hatua 6, na kila hatua ina hesabu ndogo 32. Ndani ya hatua moja hizo 32 hazitegemeani: zipe mikono 32, zitaisha pamoja. Kinachongojana ni hatua na hatua.

Ukuta wenyewe uko kwenye kusahihisha makosa, na hapo mwanaisimu yuko nyumbani. Sema «vitabu vyangu viwili vimepotea» sokoni penye kelele. Hata silabi ya kwanza ikimezwa, msikilizaji anajua ni vitabu, si kitabu, kwa sababu upatanisho umerudia habari ile ile mara tatu zaidi. (Mtaani Lubumbashi, tunaposema «kitabu yangu», tunapunguza kinga hiyo. Sioni ubaya: muktadha hubeba mzigo uliobaki.) Wi-Fi nayo huongeza biti za ziada, pengine mbili mahali pa moja, ili kelele ikila nyingine zilizosalia zitoe ushahidi. Njia ya kuusoma ushahidi huo aliitoa Andrew Viterbi mwaka 1967. Katika kila hatua kipokezi hulinganisha njia 64 ambazo ujumbe ungeweza kupita na kubakiza zinazofaa. Njia hizo 64 zinaweza kupimwa pamoja, lakini hatua ya pili haina pa kuanzia mpaka ya kwanza iishe. Ujumbe ukiwa na hatua elfu, foleni ni ya elfu.

Foleni ya namna hii ndiyo inayowavunja moyo wanaodhani kuongeza vichakataji kunatosha. Gene Amdahl aliieleza hoja hiyo mwaka 1967. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi ni lazima iende kwa foleni, vichakataji 4 vitakuongezea mwendo mara 3 hivi na 16 mara 6.4. Hata ukinunua elfu moja hutafika mara 10.

Wahandisi wana ujanja wa kuikata foleni, na ujanja huo unanivutia kuliko yote. Ili kujua «vyake» inapatana na nini, unarudi nyuma maneno machache, hurudi mwanzo wa hadithi. Viterbi ni vivyo hivyo: baada ya hatua kadhaa njia zote zinazoshindana huungana nyuma katika njia moja. Basi ujumbe mrefu hukatwa vipande vinavyopandana, na kila kichakataji huanza hatua chache kabla ya kipande chake na kumaliza chache baada yake. Kazi ya mipakani hufanywa mara mbili, ndiyo gharama. Kadi za michoro, zenye viini vingi sana vya kukokotoa, hufaa hapo, ingawa kupeleka data kwenye kadi na kuirudisha hula muda. Mikrosekunde 16 za Wi-Fi haziwezi kuvumilia safari hiyo kwa urahisi. Mnara wa 4G una takriban milisekunde 3 za kushughulikia ujumbe na watumiaji wengi kwa pamoja, kwa hiyo una nafasi zaidi.

Njia ya Viterbi ndiyo iliyotumika pia kwa miaka mingi kutambua matamshi na kuyapa maneno aina zake kwa kompyuta. Kwa hiyo mwenye saa nyingi za rekodi za Kisanga au Kiluba, na ordinateri yenye viini 4, anaweza kuigawa kazi kwa ujanja huo huo. Mimi hukata kwenye kituo cha pumzi, kisha naacha sekunde 2 za ziada kila upande, kwa maana toni ya silabi huweza kutegemea silabi iliyoitangulia.