Kikundi Hupimwa kwa Matokeo: Funzo Kutoka Mikoko ya Gazi

Pwani yetu haina uhaba wa vikundi. Kila kijiji kina chama cha kina mama, kikundi cha vijana, kamati ya maji na BMU ya wavuvi. Viongozi wamechaguliwa, muhuri umechongwa, akaunti ya benki imefunguliwa. Lakini ukiuliza baada ya miaka mitatu ni kitu gani kilichobadilika, wengi watakuonyesha daftari la mahudhurio na picha za semina.

Sisemi viongozi wetu ni wavivu. Wengi hujitolea mchana na usiku bila hata nauli. Ila kuendesha mikutano ni jambo moja, na kuongoza watu hadi kazi ikamilike ni jambo jingine. Tofauti hiyo yaonekana vizuri Gazi, kaunti ya Kwale.

Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, yakiwemo matanuri ya matofali. Sehemu nyingine zikabaki matope matupu. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ilianza kupanda upya mwaka 1991. Kisha mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kutunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni yake. Mkoko hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi kwenye shina, mizizi na matope. Watu na makampuni wanaotaka kufidia uchafuzi wao hulipia kila tani iliyohifadhiwa. Pesa hizo zimeleta maji vijijini na vitabu shuleni, na mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ni nini walichofanya ambacho vikundi vingi havifanyi?

Kwanza, lengo lao lahesabika. Hawakusema tu "tutahifadhi mazingira". Walitaja hekta ngapi, miche mingapi kwa mwaka, tani ngapi za kaboni. Miti hupimwa na ripoti hutolewa kila mwaka kwa shirika la nje linalosimamia viwango. Kazi isipofanyika hakuna cha kuuza, hata hotuba ziwe tamu vipi. Lengo la namna hii humpunguzia kiongozi ugomvi, kwa sababu hesabu ndiyo inayosema nani amefanya na nini kimebaki.

Pili, kila mtu ana kazi yake. Kamati iliyochaguliwa na wanavijiji husimamia mradi. Wanasayansi hushughulikia vipimo. Shirika la hisani la Uskoti husimamia uuzaji wa kaboni. Idara ya misitu ya serikali ina mkataba na wenyeji wa kusimamia msitu kwa pamoja. Mwenyekiti hajifanyi mtaalamu wa vipimo, wala mtaalamu hawaamulii wanakijiji watumie vipi pesa zao. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini nahodha anayetaka kushika usukani, kupandisha tanga na kukumba maji peke yake, naye chombo kitamshinda.

Tatu, pesa huzungumzwa hadharani. Matumizi ya mapato hujadiliwa barazani: mwaka huu tuanze na maji au na shule? Mali bila daftari hupotea bila habari, na twajua vikundi vingapi vimevunjika kwa sababu mweka hazina peke yake ndiye aliyejua kilichomo benki. Mwanachama akishajua shilingi yake imekwenda wapi, hahitaji kubembelezwa aje kupanda miche.

Nne, waliangalia chanzo cha tatizo. Mtu hukata mkoko kwa sababu anahitaji boriti na kuni. Ukimkataza bila kumpa njia nyingine, ataenda kukata usiku, au ahamie ghuba ya jirani. Kwa hiyo mradi ulipanda pia mivinje, ili watu wapate mbao na kuni bila kuingia mikokoni. Kiongozi anayetunga sheria bila kuuliza kwa nini watu wanaivunja atabaki kutoza faini maisha yake yote.

Haya si maajabu ya Gazi peke yake. Mfano huo umeigwa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania. Wala si lazima uwe na kaboni ya kuuza. Chama cha akiba, kamati ya kisima na timu ya mpira ya mtaa vyaweza kuongozwa hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwenyekiti au katibu wa kikundi chochote, nenda na maswali manne kwenye mkutano ujao. Kufikia mwisho wa mwaka, ni kitu gani kitakuwa kimekamilika ambacho mtoto mdogo anaweza kukiona na kukihesabu? Nani anakifanya, na kufikia tarehe gani? Salio letu ni kiasi gani, na je, kila aliyekaa hapa analijua? Na kinachotukwamisha, chanzo chake ni nini? Msipopata majibu, ahirisheni mengine yote mpaka myapate.

Gharama ya kutofanya hivyo ni kubwa. Mama anayetoa shilingi mia kila wiki akiona hazijazaa kitu, hatatoa tena, na kiongozi mwema atakayekuja baadaye atakuta mlango wa imani umeshafungwa. Mkoko uliokatwa waweza kupandwa upya, kama Gazi walivyoonyesha. Imani ya watu huchukua muda mrefu zaidi kuota.