Mzee wa Ekalakala na Mlolongo wa 1988

Msomaji, atokaye pwani kwenda Nairobi kwa basi hupita mji uitwao Mlolongo, uliopata jina lake kwa malori yaliyokuwa yakijipanga kungojea mizani. Kila nipitapo pale hukumbuka mlolongo mwengine, usiokuwa wa malori. Safari yangu ya majuzi ilikuwa ya mbali zaidi: Ekalakala, upande wa Masinga katika Machakos, kumpa mkono wa tanzia rafiki niliyefanya naye kazi miaka mingi. Alikuwa amefiwa na babake.

Kwao ni nchi ya jua kali, ya ndengu na maembe. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, liko upande huo huo, na maji yake ni ya Mto Tana, yale yale yaendayo kumiminika baharini Kipini. Tulikaa chini ya mwembe, na kwa ajili ya kofia yangu mzee mmoja aliyepindukia miaka themanini akaniita Sheikh. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Lamu.

"Ala! Kule walikompeleka Muindi Mbingu!"

Ni kweli. Mwaka 1938 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo yao. Waume kwa wake wakenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini amri ya kuwanyang'anya ng'ombe kwa nguvu nayo ikaachwa. Sisi Waamu tumezoea kuletewa wageni wa namna hiyo.

Kutoka hapo mazungumzo yakateremka hadi 1988. Kwa vijana wasioujua mwaka ule: tangu 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Februari 1988, katika kuteua wagombea wa KANU, wanachama walitakiwa kusimama foleni hadharani nyuma ya picha ya mtu wao au ya wakala wake, wakahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 alikwisha kuwa mbunge, na kura ya siri ya tarehe 21 Machi haikumhusu tena. Baraza la makanisa, NCCK, lilikuwa limeupinga utaratibu huo tangu 1986. Mimi nilikuwa mwanafunzi, sijafika umri wa kura, na sikumbuki kusikia hutuba hata moja ya Ijumaa juu ya jambo lile. Ninalolikumbuka ni ami yangu, aliyejigubika shuka alfajiri akasema ana homa. Adhuhuri homa ikapoa.

Mzee wa Ekalakala hakupata homa. Alikuwa na deni la unga kwa mwenye duka, na mwenye duka alikuwa amesimama mbele kabisa ya foleni moja, akigeuka nyuma kila mara kutazama nani anakuja. "Nikasimama nyuma ya picha ya mtu nisiyemtaka," akasema. "Foleni yetu ilikuwa fupi. Ile ya pili ilizunguka mti ikarudi. Na huyu tuliyemzika alikuwa ndani yake, ananitazama."

Kisha wakahesabiwa, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Hakunitajia jina la mtu wala la kituo, nami sikumwuliza. Yeye na marehemu walikuwa wakichunga pamoja tangu utotoni. Baada ya siku ile walisalimiana kwa kichwa tu kwa miaka kumi na moja, mpaka wakaja kuoana watoto wao.

Huko chuoni tulikosomeshwa, mwalimu wetu alitukaza kwamba shahidi hafichi ushahidi wake. Kwa hiyo nimewahi kuwasikia watu, tena wenye elimu, wakisema kura ya siri ni woga na mlolongo ulikuwa ndio uwazi. Lakini ile aya ndefu ya deni katika Suratul Baqara, inayotaja mwandishi na mashahidi, inakataza pia kuwadhuru wawili hao. Mwenye kusimama foleni huku mwenye kumdai anamhesabu ni shahidi aliyekwisha kudhuriwa kabla ya kufungua kinywa. Si kila mtu ni Abdilatif Abdalla, aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu alipoandika "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968 akafungwa miaka mitatu. Sheria haiwezi kumtaka kila mnunuzi wa unga awe na moyo ule.

Na angalieni kilichofichwa. Foleni ikitawanyika imekwisha, hakuna karatasi ya kuhesabu tena, lililobaki ni neno la aliyehesabu. Kura ikawa wazi, hesabu ikawa siri. KANU yenyewe iliuacha mlolongo 1990, na Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Uganda, chama tawala NRM kiliwapanga watu foleni katika uteuzi wake hata 2020.

Mwandishi naye hakusalimika. Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya tume ya uchaguzi, aliuawa. Mwezi Septemba Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wa urais. Ilipofika 2022 fomu za urais kutoka vituoni, vituo 46,229 kwa jumla, zikawa zinawekwa kwenye intaneti kila mtu azione.

Mzee aliiona ya kituo chake. Mjukuu alimfungulia kwenye simu, akavaa miwani, akazisoma tarakimu kwa kidole moja moja, kisha akamwambia apige simu kwa marehemu naye aangalie. Wote wawili wakaridhika kwamba ndizo zile zilizobandikwa mlangoni.

Nikamwuliza, kwa utani, yeye alimpigia nani.

"Hilo, Sheikh, hata huyu tuliyemzika hakuambiwa," akasema, akaomba aongezwe chai.