Uzio wa Masale na Mji Unaopanda Mlima

Mtu akinunua kiwanja Shirimatunda siku hizi, mara nyingi huanza na ukuta hata kabla ya msingi wa nyumba. Lori linamwaga mchanga, tofali za saruji zinapangwa, na masale yaliyosimama mpakani miaka nenda miaka rudi yanang'olewa asubuhi moja. Kata hii ya Manispaa ya Moshi inajengeka haraka. Kila uzio wa majani unaoondoka unaondoka na wakazi wake, nao ni wengi kuliko tunavyodhani.

Masale ni mimea ya jamii ya Dracaena, na Wachaga wameitumia kwa vizazi kuwekea mipaka ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao. Ukiutazama mmea huu kwa karibu utaona shina lenye pete, moja juu ya nyingine, pale majani ya zamani yalipodondoka. Kata kipande cha shina hilo, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, nacho kitatoa mizizi bila kupitia kitalu. Mpaka uliopandwa hivyo hauhamishwi kimyakimya usiku, ndiyo maana wazee waliuamini. Heshima yake ilivuka mambo ya ardhi: aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la masale kuomba radhi, na kulikataa ni jambo zito.

Maua ya masale hufunguka jioni. Harufu yake tamu huwaita nondo, na baadaye hutokea matunda madogo ya rangi ya chungwa ambayo ndege huyala na kusambaza mbegu zake. Kinyonga hupata matawi ya kupitia bila kushuka chini, buibui hupata pa kutandaza utando, na majani makavu yanayoanguka huwa makao ya vyura na wadudu wanaorutubisha udongo. Ukuta mtupu uliopigwa plasta hautoi hata kimoja kati ya hivyo.

Ukubwa wa hazina iliyomo vihambani umepimwa. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp, aliyefanya kazi miaka mingi Kilimanjaro, alichapisha mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wake wa vihamba: aina zaidi ya 500 za mimea, nyingi kati yake zikiwa zimejiotea bila kupandwa na mtu. Mwaka 2011, mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko huko Kilimanjaro, uliingia katika orodha ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa thamani kwa dunia.

Miji tajiri imeanza kulipia kwa fedha nyingi kitu cha namna hii. Jijini Paris, Mfaransa Patrick Blanc alivisha mimea ukuta wa jumba la makumbusho la Quai Branly, lililofunguliwa mwaka 2006. Mimea yake haikai ardhini: mizizi imeshikwa na kitambaa kizito, na maji yenye virutubisho huteremka kwa mabomba. Ni kazi ya kupendeza mno, lakini maji yakikatika mimea hufa. Moshi haina sababu ya kujiingiza katika gharama hizo. Ukuta wake unaota ardhini na kunyweshwa na masika na vuli.

Hoja ya wenye nyumba ni usalama, nayo ni ya haki. Jibu zuri liko Simanjiro, kusini mwa Moshi, ambako wafugaji wa Kimaasai walikuwa wakipoteza mifugo kwa simba na fisi. Wakishirikiana na shirika la African People & Wildlife, walianza kujenga maboma kwa miti hai ya jamii ya manemane iliyopandwa kama nguzo, kisha wakazungushia wavu wa chuma. Miti inakua, matawi yanafunga juu, wavu unashika chini. Simba anabaki nje, ng'ombe wanabaki salama, na hakuna tena sababu ya kumuua simba kwa kisasi. Wavu kama huo ukipita katikati ya safu mbili za masale Shirimatunda, mwizi hatauruka kirahisi.

Mimea ya kupanda ichaguliwe kwa uangalifu. Minyaa hufunga vizuri, lakini utomvu wake ukiingia jichoni hudhuru vibaya, kwa hiyo haifai penye watoto. Mvuti wenye maua ya rangirangi ni mgeni anayevamia mashamba. Bora kuchanganya masale na miti ya mlimani kama mringaringa, ili ndege na vipepeo wapate njia kutoka msitu wa Rau, ulio pembeni mwa mji, kupanda hadi kwenye vihamba vya Uru na Kibosho.

Aliyekwisha kujenga ukuta hana haja ya kuubomoa. Aache ukanda wa udongo upana wa hatua moja kandokando yake, apande masale mwanzoni mwa mvua za Machi, na atoboe matundu machache sehemu ya chini ya ukuta. Kwenye mteremko kama wa Moshi, maji ya mvua yatapitia hapo badala ya kusukuma ukuta, na kalunguyeye naye atapita akienda kutafuta wadudu kwa jirani.