Taka Hazina Mpaka: Auni na Mshikamano katika Bonde la Ziwa Victoria



Baada ya kuwalisha maelfu ya watu kwa mikate mitano na samaki wawili, Bwana wetu Yesu Kristo aliwaagiza wanafunzi wake wavikusanye vipande vilivyobaki ili pasiwe na kitu kinachopotea bure. Mwinjili Yohane anatusimulia kwamba vilijaza vikapu kumi na viwili. Muujiza wa mikate tunaukumbuka sana, vikapu tunavisahau. Hata hivyo, agizo hilo la kukusanya lilitoka katika kinywa kilekile kilichoibariki mikate. Katika makala hii, tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya urejelezaji wa taka na uchumi wa mzunguko, na kueleza kwa nini kazi hii inazidaI ushirikiano wa nchi zote zinazolizunguka Ziwa Victoria.

Maana ya uchumi wa mzunguko

Uchumi tuliouzoea siku hizi ni wa njia moja: tunachimba, tunatengeneza, tunatumia na kutupa. Uchumi wa mzunguko hukusudia kitu kidumu muda mrefu, kikiharibika kitengenezwe, na kikifikia mwisho wake kiwe malighafi ya kitu kingine. Katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si’” wa tarehe 24 Mei 2015, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha kwamba ndivyo viumbe vinavyoishi: mabaki ya kiumbe kimoja ni chakula cha kingine. Viwanda vyetu bado havijajifunza somo hilo, na matokeo yake ni utamaduni wa kutupa, ambao huanza na vitu na kuishia kwa watu.

Jambo hili si geni kwetu. Wazazi wetu hawakuuziwa kreti ya soda bila kurudisha chupa tupu. Tairi lililochakaa liligeuzwa kuwa katambuga, na kopo likawa kibatari. Katika miji ya ziwa letu, sangara akishatolewa minofu kiwandani, mabondo yake huuzwa nje ya nchi, na mifupa yake hupata wanunuzi. Uchumi wa mzunguko ni hekima hiyohiyo ikipangwa kwa kiwango kikubwa zaidi, katika zama ambapo plastiki imechukua nafasi ya chupa ya kioo, kikapu na jani la mgomba.

Ziwa moja, mataifa mengi

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, nalo limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Mto Kagera huliletea maji kutoka Rwanda na Burundi, na maji yake hutoka kwa njia ya Mto Nili pale Jinja. Mvua ikinyesha, chupa iliyotupwa mtaroni husombwa hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi ziwani. Ikifika huko haiulizwi hati ya kusafiria. Mvuvi anayeikuta katika nyavu zake huenda hajui hata jina la mji ilikotoka.

Kwa kutambua ukweli huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake makuu Kisumu. Mwaka 2021, jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takribani tani 10 za plastiki iliyorejelezwa na kufunikwa kwa kandambili chakavu, lilizunguka ziwa hili katika nchi zote tatu. Liliwaonyesha wananchi wa mialo mbalimbali kwamba kile wanachokiita taka kinaweza kubeba watu.

Kwa nini nchi moja haitoshi

Zipo sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni wingi. Chupa tupu ya maji ina uzito wa gramu chache tu, na kilo moja huhitaji makumi ya chupa. Lori lililojazwa chupa zisizobanwa hubeba hewa zaidi ya plastiki, na gharama ya mafuta humeza faida yote. Ndiyo maana chupa hutenganishwa, husagwa au kubanwa kuwa marobota kabla ya kusafirishwa. Aidha, plastiki si ya aina moja: chupa ya maji na kifuniko chake hutengenezwa kwa plastiki tofauti, na zikiyeyushwa pamoja huharibiana. Kiwanda cha kutenganisha na kuyeyusha huhitaji tani nyingi kila siku. Mji mmoja mdogo hauwezi kukilisha, lakini miji ya bonde zima inaweza, iwapo malighafi zitavuka mipaka bila vikwazo visivyo vya lazima.

Sababu ya pili ni sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Uganda iliweka katazo la mifuko myepesi mwaka 2009, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Nchi moja inapokataza na jirani yake kuruhusu, mifuko hupita kwa magendo, na mfanyabiashara mwaminifu ndiye anayepata hasara. Vivyo hivyo, sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Wajibu huo ukiwa katika nchi moja tu, gharama yake inaweza kukwepwa kwa kuhamia ng’ambo ya mpaka.

Viongozi wa Afrika wameanza kuliona jambo hili. Mwaka 2017, Rwanda, Nigeria na Afrika ya Kusini zilizindua muungano wa nchi za Afrika kwa ajili ya uchumi wa mzunguko, na nchi nyingine zimejiunga baadaye. Ni mwanzo mwema, unaohitaji kushuka hadi kwenye masoko na mialo yetu.

Mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa

Kanisa linatufundisha kanuni ya auni na ile ya mshikamano. Auni hudai kwamba lile linaloweza kufanywa na ngazi ya chini lisinyang’anywe na ngazi ya juu. Mshikamano hudai kwamba ngazi ya juu isiiache ile ya chini ielemewe. Kutenganisha taka ni kazi ya familia, na hakuna mkutano wa mawaziri utakaotufanyia. Kukusanya na kuhifadhi panapofaa ni kazi inayoziweza Jumuiya na Parokia. Kusafirisha na kusimamia dampo ni wajibu wa halmashauri. Kulinganisha sheria, kodi na viwango ni wajibu wa mataifa kwa pamoja. Ngazi moja ikilegea, mzunguko hukatika.

Tukumbuke pia kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zenyewe ni tunda la ushirikiano wa kikanda: Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Lililopatanwa na wachungaji wa nchi mbalimbali leo linaishi katika kila mtaa. Kwa nini utunzaji wa nyumba ya wote usipite njia hiyohiyo?

Haki ya wanaokusanya

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mzunguko wote tuliouelezea unategemea mabega ya waokota taka: akina mama, vijana na wazee wanaoamka alfajiri kupekua majalala bila glavu wala viatu imara. Wao huuza kwa kilo kwa bei wasiyoipanga, na bei ikishuka katika soko la dunia, wao ndio huumia kwanza. Uchumi unaookoa chupa na kumtupa aliyeiokota bado ni uchumi wa kutupa. Ushirikiano wa kikanda utapimwa kwa swali hili: je, mwokota taka wa Mwanza, Kisumu au Kampala amepata bei ya haki, vifaa vya kujikinga na heshima ya mfanyakazi?

Kwa hiyo, tunawaalika waamini wetu katika mambo matatu. Kwanza, tupunguze: katika harusi, jubilei na makongamano ya Parokia, maji yawekwe katika mapipa safi na vikombe vioshwe, kwa maana urejelezaji si kibali cha kutumia bila kiasi. Pili, tutenganishe taka majumbani, ili mwokota taka apokee chupa safi mkononi badala ya kuipekua katika uchafu. Tatu, tuwafahamu watu hao kwa majina, tuwasaidie kuunda vikundi vya akiba na ushirika, na tuwakaribishe katika Jumuiya zetu, maana wengi wao ni ndugu zetu katika imani.

Mwenyezi Mungu, aliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, atujalie neema ya wongofu wa kiikolojia. Bikira Maria, Malkia wa Afrika, atuombee.